Mipungate Nyuma ya Nyumba

Magarama, Gitega
12 Machi 2023

Dada yangu Melania,

Pokea salamu zangu, za Adventina, na za mtoto wetu ambaye sasa anatembea na kuvunja kila kitu kilicho chini ya kiuno cha mama yake. Sisi wazima. Adventina alisumbuliwa na malaria lakini amepona, jana amekwenda sokoni mwenyewe. Mvua za huku hazina adabu, paa la karakana yangu linavuja, inabidi nihamehame na picha zangu kama paka na watoto wake. Miguu ya Mama inaendeleaje? Msalimu kwa heshima zote, na barua hii umsomee yote, usirukeruke kama kawaida yako.

Sasa habari yenyewe. Husni, yule mwenye duka la fremu kule Shatanya, amenipa ukumbi wake mzima kwa maonyesho. Ukutani ni picha zangu peke yake, na picha zote ni za mipungate. Ungewaona watu, Dada! Wamekuja walimu, wamekuja wazungu wa mashirika, wamekuja hata watu wa Bujumbura na magari yao. Ile kubwa kuliko zote nimeiita "Nyumbani". Ni nyumba yetu ya Butihinda, na mipungate ya Baba imesimama nyuma yake kwenye jua kali, miiba na matunda mekundu yakionekana moja moja. Mama mmoja aliyekulia kambini Tanzania kama sisi alisimama mbele yake akalia mpaka Husni akamletea kiti.

Nimehojiwa redioni pia. Nilisimulia jinsi Baba alivyokuwa akituchorea kwa kijiti kwenye vumbi kule Ngara: nyumba hii hapa, migomba hii hapa, mipungate hii hapa, ili tukirudi tusipotee. Nikasema mpungate ndio sisi. Unaukata, unautupa, unalala juani mwezi mzima bila maji, na kipande kinaota palepale kilipoangukia. Mtangazaji akauliza kama picha ni ya kubuni. Nikamjibu hapana, huo ni ushahidi: nimechora kama tulivyokuta siku tuliyorudi, kila shina mahali pake, sikuongeza wala sikupunguza. Watu wameyapenda sana maneno hayo. Husni ameyachapisha nyuma ya kadi, na mbele ameweka picha yenyewe.

Nakutumia kadi kadhaa kwa mkono wa Kastori, dereva wa lori la maharage. Moja ni ya Mama. Nyingine wagawie watu wa kilimani, wajue mtoto wa Nazario hakupotea.

Unijibu kwa barua, maana simu Mama anasema inampita sikioni ikaisha, lakini barua anaweza kusomewa tena kesho.

Mdogo wako,
Crispin


Butihinda, Muyinga
2 Aprili 2023

Mdogo wangu Crispin,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama ndiye anayetaka nianze hivyo, basi nimeanza hivyo. Anakusalimu, anamsalimu Adventina, anauliza mtoto ana meno mangapi na kwa nini hujaandika. Miguu yake ni ileile. Macho ndiyo yameharibika zaidi, sasa anaona mwanga na kivuli tu, ananitambua kwa mwendo. Emiliana wangu amefaulu kwenda darasa la sita, anajisikia kama waziri. Maharage yametoa maua vizuri, mbuzi mmoja amezaa pacha, mmoja akafa.

Kadi zimefika. Mama ameishika ya kwake, akainusa, akaniambia nimweleze. Nikamweleza: nyumba hii hapa, mlango huu, mipungate hii nyuma ya nyumba. Akaniuliza, "Nyuma ya nyumba ipi?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Crispin, umekwenda Gitega ukasahau kwenu? Baba alipanda mipungate chini kabisa, ng'ambo ya chemchemi, mwisho wa shamba. Wewe umeivuta mpaka dirishani. Na migomba yetu umeipeleka wapi, umeila?

Lakini picha ni nzuri, sitakudanganya. Nimeona fahari. Kadi moja nimempa Nuru mwenye duka pale sentani penye soko, ameibandika juu ya sabuni, kila anayenunua chumvi anaambiwa huyu ni mtoto wa Mama Jeska. Nyingine nimewapa majirani. Kwa wiki nzima watu wamenisalimia vizuri kuliko kawaida.

Sasa jambo moja. Audax ameanza tena. Unajua alilima shamba letu miaka yote tuliyokuwa Tanzania, na tuliporudi wazee wa kilima walimwondoa mpaka kwenye mipungate, Baba mwenyewe akitembea mbele yao. Wazee wale wameshakufa wote, na Baba yuko chini ya migomba yake. Tangu Januari Audax analima ndani ya mpaka, upande wa chemchemi. Anasema mpaka wa kweli uko juu, karibu na nyumba, na kwamba mipungate ya kule chini niliitupa mimi. Ameshtaki. Bashingantahe, wazee waamuzi wa kilima, watakuja Mei kutembea shamba.

Hapa mwanamke akizungumza habari ya mpaka wanamsikiliza kama wanavyosikiliza kuku. Mtoto wa kiume ni wewe peke yako. Ukipata nafasi, njoo siku hiyo. Nitakuchinjia jogoo yule anayemkimbiza Emiliana.

Dada yako,
Melania


Magarama, Gitega
30 Aprili 2023

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Hongera kwa Emiliana, na mwambie Mama meno ni sita na yote yananing'ata mimi. Adventina anashona nguo za sikukuu, mashine yake mpya haimwachi alale. Samahani kwa kuchelewa kujibu, nilikuwa na mambo mengi.

Umenichekesha na migomba yangu. Ngoja nikueleze. Mwanzo nilichora kama ilivyo, mipungate kule chini ng'ambo ya maji. Husni akaja akatazama, akakunja uso. Akasema, "We Crispin, hii mipungate iko mbali sana, nani ataiona? Ilete huku karibu na nyumba, banange, picha itapata nguvu." Nikaifuta migomba, nikaivuta mipungate nyuma ya ukuta, na kweli picha ikasimama. Uchoraji ndivyo ulivyo. Jicho la mtu linataka mwiba karibu na mlango. Ukweli wa picha si ukweli wa kamba ya kupimia.

Kuna habari kubwa ambayo bado ni siri. Watu fulani wanataka kuipeleka "Nyumbani" Nairobi, kwenye maonyesho ya kazi za watu waliorudi kutoka ukimbizini. Wameichagua kwa sababu ni ushahidi, maana wachoraji wengine wamechora kwa kubuni. Niombee.

Huyo Audax msimjali. Ana umri gani sasa? Anatafuta wa kunywa naye urwarwa tu. Waonyesheni wazee mipungate, waione kwa macho yao, na kesi imekwisha. Mpungate hausemi uongo.

Mei sidhani kama nitaweza kuja. Lakini tutaona.

Crispin


Butihinda, Muyinga
21 Mei 2023

Mdogo wangu Crispin,

Salamu zetu kwa wote. Mama yupo, amechoka. Mbuzi mdogo aliyebaki anakua. Mambo mengine ya nyumbani nitakueleza siku nyingine, maana leo nina haraka, Kastori anapita kesho asubuhi.

Bashingantahe wamekuja jana. Mzee Nikodemu alitangulia na fimbo yake, watu nusu kilima nyuma yao. Niliwapeleka chini, tukapita migomba, tukapita kaburi la Baba, tukavuka maji, nikawaonyesha mipungate. Nikasema, huu ndio mpaka alioupanda Nazario kabla ya vita. Audax hakubishana. Aliinama, akavunja kipande kimoja, akakitupa kwenye nyasi mbele ya wazee.

"Murudi mwaka kesho," akasema, "mutakuta hicho kiko muti. Mupaka gani huu wa kutupa kwa mukono? Hata mutoto anaweza kuhamisha mupaka akicheza."

Watu wakacheka. Mzee Nikodemu akaniuliza kama ni kweli mpungate unaota hivyo. Ningesemaje? Wewe mwenyewe umelisema redioni, kilima kizima kilisikia.

Halafu Audax akatoa kadi mfukoni. Ni ile ya dukani kwa Nuru, ina alama ya sabuni. Akapandisha wazee wote mpaka kwenye nyumba, akaiinua kadi mbele ya macho yao. Mwanawe akasoma maneno ya nyuma kwa sauti: kama tulivyokuta siku tuliyorudi, kila shina mahali pake, sikuongeza wala sikupunguza.

"Huyu si mutoto wa Nazario?" Audax akauliza. "Mi sikumutuma. Amesema mwenyewe mupaka uko nyuma ya nyumba. Munataka mushahidi gani tena?"

Mzee Nikodemu akatazama kadi, akatazama nyumba, akatazama kadi tena. Mama akaomba kusimamishwa. Nilimshika mkono akasema, "Mume wangu alipanda ng'ambo ya maji, na mimi nilimbebea miche." Mzee akamuuliza kwa upole kabisa, "Mama, hii picha unaiona?" Mama akasema haoni. Mzee akasema, "Basi, Mama, kaa." Akakalishwa mbele ya watu wote kama mtoto aliyekosea jibu darasani.

Nikawaambia umeivuta mipungate ili picha ipendeze. Wakauliza nani kasema. Nikatoa barua yako. Mzee mmoja akasema barua mtu yeyote anaweza kuiandika, na mimi ninajua kuandika. Nikasema basi mwulizeni mwenyewe. Wakasema, "Ndiyo, na aje." Wametupa muda hadi Jumamosi ya tarehe kumi na saba Juni.

Crispin, tukishindwa, mpaka unapita nyuma ya nyumba. Migomba inakwenda, chemchemi inakwenda, kaburi la Baba linakwenda, bonde la maharage linakwenda. Tunabaki na nyumba na uwanja wa kuanikia nguo. Tutakula nini?

Sikuombi ushinde kesi. Nakuomba maneno manne: "Niliihamisha ili picha ipendeze." Uyaseme mbele ya wazee, kisha ule jogoo wako urudi Gitega.

Melania


Magarama, Gitega
24 Juni 2023

Dada Melania,

Salamu kwako na kwa Mama. Huku kiangazi kimeanza, vumbi tupu. Mtoto alikuwa na kikohozi. Adventina anawasalimu.

Barua yako imechelewa sana kunifikia, sijui Kastori aliiweka wapi. Nilipoipata tarehe ilikuwa imeshapita. Nimesikitika. Na hata hivyo tarehe kumi na saba ndiyo siku wageni wa Nairobi walikuja kuitazama "Nyumbani", nisingeweza kuondoka, Husni angenila mzima.

Nadhani wazee wamelifanya jambo hili kuwa gumu bure. Waeleze kwamba picha si ramani. Mtu yeyote mwenye akili anaelewa. Na nakuomba, usiwe unasema mbele za watu kwamba nimehamisha hiki na kile. Maneno yanasafiri. Huku watu wanasikia vibaya.

Nitajitahidi Julai.

Crispin


Butihinda, Muyinga
2 Julai 2023

Crispin,

Mama anakusalimu. Mimi sina salamu leo, chukua za Mama.

Kastori ameniambia alikukabidhi barua yangu mkononi kwako, karakanani, Mei haijaisha, na wewe ukamnunulia soda ukamuuliza bei ya maharage. Halafu unampaka matope mtu wa watu. Na kama barua ilikufikia tarehe imeshapita, kwa nini tena ulikuwa ukichagua kati ya wazee na wageni siku hiyohiyo? Ukitaka kunidanganya, kaa chini uupange uongo vizuri. Umechora miaka yote hii, kupanga vitu mahali pake si kazi yako?

Tarehe kumi na saba wazee walikaa uwanjani kwetu tangu asubuhi. Mama alivaa kitenge chake cha kanisani. Kila gari lililopita barabarani aliinua kichwa. Kufikia mchana Audax mwenyewe aliona aibu, akasema tumpe mama huyu maji anywe.

Mama ndiye aliyewaomba waongeze siku, kwa magoti yale unayoyajua. Wamekubali mpaka tarehe ishirini na mbili Julai, kwa heshima yake, na wamesema ni mwisho. Haya yafuatayo ni maneno ya Mama, nimeyaandika kama alivyoyasema:

"Mwanangu Crispin, sikukatazi kazi yako. Njoo useme, kisha urudi. Kama unaogopa watu watakucheka, watakucheka siku moja wakachoka. Mimi nikifa nataka kulala karibu na baba yako, na sitaki mtoto wangu wa kike aombe ruhusa kwa mtu."

Simu yako haipatikani. Nimepiga mpaka vocha imekwisha. Njoo, nakuomba. Nina hofu, Crispin, na sioni haya kukwambia.

Melania


Magarama, Gitega
18 Julai 2023

Melania,

Natumaini mko salama.

Nimesoma barua yako mara nyingi na sikupenda lugha yake. Mimi si mtoto. Umekuwa dada mkubwa kwangu tangu kambini na nimekuvumilia kwa mengi, lakini sasa nikwambie wazi, maana inaonekana hakuna aliyewahi kukwambia.

Picha imekubaliwa. Inaondoka mwezi ujao, na mimi nafuatana nayo. Kwenye maelezo yake yameandikwa maneno yaleyale, kila shina mahali pake. Nikisimama Butihinda mbele ya nusu kilima niseme nilihamisha, keshokutwa redio watajua, na Nairobi watajua. Nitakuwa mwongo aliyeuza uongo. Miaka yote ya kulala na njaa kwa ajili ya rangi itakuwa imekwisha kwa siku moja, kwa sababu ya migomba.

Na tusisahau ardhi ile ni ya nani. Kwa mila zetu mtoto wa kike harithi. Ulipoachwa na mume wako na kurudi nyumbani na Emiliana mgongoni, nani alisema kaa? Ni mimi. Unalima hapo kwa ruhusa yangu, unakula hapo kwa ruhusa yangu, na sijawahi kukudai hata fungu moja la ndizi. Ikipotea, imepotea yangu. Kama mwenye mali nimeamua hasara hiyo naiweza, wewe unalia kitu gani?

Mama muda wake ni mfupi, tukubali. Mahali atakapolala Mungu atapajua. Mimi ninachora nyumba ile ikae hata baada yetu sote. Ninyi mtakuwa mmekwisha kufa, na shamba litakuwa la mwingine, kama si Audax basi mwanawe, lakini mipungate yangu itakuwa bado imesimama ukutani na watu wanaitazama. Siku moja utaelewa kwamba hivyo ndivyo nilivyoiokoa.

Sitakuja tarehe ishirini na mbili. Usinipigie.

Crispin


Butihinda, Muyinga
14 Agosti 2023

Crispin,

Sisi ni wazima kwa kiasi.

Wazee wamekata shauri. Mpaka unapita nyuma ya nyumba, kama kwenye kadi. Walivuta kamba wakiwa wameishika kadi, Mzee Nikodemu akiuliza, "Hapa au mbele kidogo?" na watu wakimsaidia kulinganisha dirisha na dirisha. Waliifuata picha yako kwa uaminifu mkubwa. Ungefurahi, hakuna mgeni wa Nairobi atakayeitazama vile.

Maharage ya bondeni yalikuwa bado hayajavunwa. Audax ameruhusu nichukue nusu. Maji tunachota kwake, Emiliana anabisha hodi kwanza.

Barua yako nimemsomea Mama yote, kama ulivyoagiza ile siku ya kwanza. Nilipofika kwenye ruhusa yako, nilisoma neno kwa neno. Nilipofika kwenye muda wake mfupi, akaniuliza, "Ameandika Crispin?" Nikasema ndiye. Akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma tena hapo. Ningeweza kuruka. Nilikuwa nimeinua macho, angeamini chochote ambacho ningemwambia. Sikuruka kwa sababu nilitaka akujue kabla hajafa.

Tangu siku hiyo haombi tena kutolewa nje.

Melania


Magarama, Gitega
17 Septemba 2023

Dada yangu mpendwa Melania, na Mama yangu mpendwa,

Nawasalimu kwa furaha na kwa unyenyekevu! Nimerudi juzi. Mtoto amenisahau, alilia aliponiona. Adventina amepata wateja wengi wa sare za shule.

Nairobi ilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri. "Nyumbani" iliwekwa ukuta wa kwanza, unaingia tu unakutana nayo. Imenunuliwa na haitarudi. Usiku wa mwisho nilisimama mbele yake peke yangu na sitaki kuwaficha, nililia. Niliona dirisha lile, nikajua Mama amekaa nyuma yake, na mimi nimeandika maneno ambayo mtoto hamwandikii mama yake. Hasira ilinipanda kichwani, Dada. Naomba mnisamehe. Barua ile ichomeni.

Sasa sikilizeni. Picha imeshauzwa, hakuna wa kunidai neno. Nitakuja Krismasi kwa gari la Husni. Nitamwita Mzee Nikodemu na wenzake, nitasema mbele yao kwamba niliihamisha, nitayasema maneno yale manne hata mara kumi. Kesi inaweza kufunguliwa upya, nimeuliza mtu anayejua. Mama, nitakushika mkono mwenyewe mpaka ng'ambo ya maji.

Namtumia Mama kitenge kizuri cha Nairobi, rangi ya kijani anayoipenda, akivae siku hiyo. Dada, simu yako haipatikani tangu mwezi uliopita, imeharibika? Niandikieni upesi. Mniambie tu Mama anasemaje.

Wenu,
Crispin


Butihinda, Muyinga
8 Oktoba 2023

Crispin,

Kitenge kimefika. Kastori alinikabidhi na barua, akasimama kidogo mlangoni, nikaona hujui na kwamba yeye hakutaka kuwa wa kukwambia. Nikamwambia asihangaike, nitakuandikia mwenyewe nikimaliza kuvuna viazi. Nimemaliza viazi.

Mama alifariki tarehe thelathini Agosti, asubuhi, uji ukiwa mkononi mwangu. Hakuumwa sana. Aliacha kula, na nilipomlazimisha akafunga mdomo kama mtoto. Tulimzika tarehe mosi Septemba. Siku hiyo wewe ulikuwa Nairobi na ukuta wako wa kwanza.

Simu haikuharibika. Niliizima. Watu waliniuliza kama nimepiga Gitega, nikasema nimepiga. Waliuliza tena siku ya kumaliza matanga, nikasema umejibu kwamba una kazi. Waliamini bila shida. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo, na sioni sababu ya kuipunguza ili wewe upate usingizi. Umenyimwa maziko ya mama yako, na aliyekunyima ni mimi, kwa makusudi kabisa.

Kuhusu mahali. Nilikwenda kwa Audax kabla jua halijapanda, nikapiga magoti. Alinishika bega akaniinua kabla sijamaliza kusema. "Melania, mi siko munyama," akaniambia. "Mama Jeska alale na muzee wake." Akavaa shati, akachukua jembe, na yeye na mwanawe ndio waliochimba. Mama amelala kando ya Baba, kwenye shamba la mtu mwingine. Audax amekata njia kutoka nyuma ya nyumba mpaka makaburini, ametangaza mbele ya Mzee Nikodemu kwamba mimi na Emiliana tutapita hapo siku zote bila kuuliza. Wewe hakukutaja. Nami sikumkumbusha.

Krismasi ukitaka kuja, njoo. Barabara ni ya serikali. Wazee wanaweza kukusikiliza au wasikusikilize, mimi sitakuwa uwanjani. Shamba likirudi litarudi kwako, umeshanieleza mila, na mimi sina haja ya kulima tena kwa ruhusa ya mtu anayeandika vile. Nimepata kazi jikoni kwa masista huko Mwakiro, tunahama na Emiliana mwezi huu. Nyumba utaikuta imefungwa, ufunguo uko kwa Nuru.

Neno la mwisho, ulijue kutoka kwangu kabla hujalisikia sentani. Kaburini, kabla hawajateremsha jeneza, Mzee Nikodemu ndiye aliyesimama kumzungumzia marehemu. Alisema amezaliwa wapi, ameolewa na nani, amekaa Tanzania miaka mingapi. Kisha akanigeukia, mbele ya kilima kizima na Audax na jembe lake, akaniuliza marehemu ameacha watoto wangapi. Nikamjibu, mmoja. Akalitangaza hivyohivyo, na hakuna aliyenisahihisha.

Melania